Siku Maji Yalipokatika

Mtaani walimwita Daktari, na hakuwa amesomea hata kufunga kidonda. Alikuwa msusi. Jina hilo alipewa na wanawake waliofika saluni kwake wamejifunga vilemba mpaka kwenye nyusi, wakageuka kwanza kuangalia nani anawaona, ndipo wakafungua. Chini ya kilemba kulikuwa na msiba. Nywele zimekatika juu ya masikio kama zimepitiwa na panya, utosi umebaki na vishungi viwili vitatu, ncha zimepasuka na kukauka kama nyasi za kiangazi. Huyu kawekwa dawa ya kunyoosha nywele na jirani jikoni, huyu kaweka dawa na rangi siku moja, huyu kapaka dawa juu ya dawa kwa sababu ana harusi. Daktari aliwakalisha kitini, akawasha taa ya juu, akagawa nywele kwa mkia wa kichana na kutazama fungu kwa fungu. Mwenye kichwa alikuwa akimwangalia kwenye kioo kama anayesubiri majibu ya vipimo.

"Hazijafa," Daktari alisema mwishowe. "Zimechoka. Tutaziuguza."

Masharti yake yalikuwa mengi kuliko ya mganga. Anayetaka kuwekwa dawa asijikune siku ile wala jana yake. Asije anatiririka jasho. Asije kabla nywele mpya hazijaota za kutosha kushikika, maana dawa hugusa zile mpya tu. Za zamani zimeshakula ya kwao, ukizilisha tena zinakatika. Kabla ya yote alipaka mafuta ya mgando pembeni mwa uso, nyuma ya masikio na kwenye kisogo, mpaka mteja akang'aa kama sahani. Akija mtu mapema humrudisha.

"Lakini Daktari, natoka mbali!"

"Basi na urudi mbali, mama. Mimi sichomi watu."

Watu walicheka wakaondoka, na wakati wao ulipofika walirudi. Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa kioo, viti viwili, draya moja ya kofia iliyonguruma kama lori linapanda mlima, na sinki ambalo likikushika shingo unatubu dhambi zako zote. Kwenye kona, karibu na dirisha, msichana mmoja alikuwa na meza yake ya kupaka rangi kucha. Wateja walimwita Dada Kucha. Ng'ambo ya barabara alikaa mziba pancha, chini ya mwavuli uliochanika, na karai lake la maji meusi la kutafutia matundu ya matairi.

Daktari alikuwa na mtoto mmoja, binti. Baba yake alimpa jina la utani Nyoya kwa sababu alizaliwa mwepesi, mkononi hakuwa na uzito. Baba huyo alikuwa dereva wa magari ya mizigo. Safari moja alikwenda akakuta pa kushukia kwingine, akashukia huko moja kwa moja, asirudi. Wakabaki wawili, mama na binti, na nywele.

Maana Nyoya alikuwa na nywele! Nyingi, nene, zimejisokota toka kwenye mzizi, kichana kinaingia hakitoki. Asubuhi za shule zilikuwa vita. Mama ameketi ukingoni mwa kitanda, mtoto chini katikati ya magoti, kilio kinasikika mpaka kwa jirani. Na mtoto huyo alikuwa akishinda saluni akitoka shule, akifanya kazi zake za darasani kwenye kiti kisicho na mteja, akiona vichwa vikiingia vimekunjamana na kutoka vimelala.

"Mama, na mimi nataka za kulala."

"Kichwa chako bado kichanga."

"Nitavumilia."

"Hapana."

Alisema hapana mwaka mzima, na mtoto akaomba mwaka mzima. Aliomba akioga, aliomba akila, aliomba akiwa na homa. Siku moja shangazi yake akaja kuwatembelea, akamtazama mtoto juu mpaka chini, akasema mbele ya wateja, "Wifi, unatengeneza vichwa vya mtaa mzima, wa kwako anatembea na kichaka? Watu hawakucheki?" Daktari alijibu kwa mzaha, lakini neno lilimwingia. Wiki ile ile akalegea. Alimwekea dawa laini, iliyochanganywa na mafuta, akaiosha haraka haraka, na ikaenda vizuri. Nyoya alisimama mbele ya kioo akitikisa kichwa kulia na kushoto, kulia na kushoto, mpaka akapata kizunguzungu akakaa chini akicheka. Mama yake naye alicheka. Ilikuwa siku njema, na Daktari hakuwahi kukana kwamba ilikuwa siku njema.

Mara ya pili pia ikaenda salama. Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi. Saluni ilikuwa na mteja mmoja tu, mwalimu mstaafu aliyekuwa chini ya draya na gazeti. Daktari alimaliza kumpaka Nyoya dawa, akampeleka kwenye sinki, akamlaza shingo, akafungua bomba. Bomba likakohoa. Likatema matone mawili ya kutu, kisha likatoa pumzi.

Siku zote aliweka ndoo mbili za akiba nyuma ya mlango. Asubuhi ile zote mbili zilikuwa zimetumika, naye alikuwa amejisemea atazijaza akimaliza kichwa hiki.

"Mama, inawasha," Nyoya alisema.

"Tulia, mwanangu." Akakimbilia kwenye birika. Maji yaliyokuwemo yalikuwa yamechemka muda si mrefu. Akafungua tena bomba, kama vile bomba lingemhurumia. Mtoto akaanza kulia, kilio cha kwanza cha kudeka, cha pili si cha kudeka. Hapo Daktari hakufikiri tena. Alimbeba mtoto mgongoni na taulo lake, akatoka mbio mguu mmoja una kandambili mwingine hauna, akavuka barabara katikati ya honi na matusi, mpaka kwa mziba pancha.

"Maji!"

"Anaumwa nini?"

"Anaungua! Maji!"

Mzee yule alitazama karai lake lililokuwa na mpira wa tairi ndani, akauchomoa, na mama akakizamisha kisogo cha mtoto mle mle, katika maji meusi yanayonuka mpira na gundi. Mziba pancha akachukua dumu lake la maji ya kunywa akamimina juu. Akaenda duka la pili kuomba, akarudi na jingine. Watu walikusanyika. Mama alikuwa akisugua na kumimina, akiomba Mungu kwa sauti na kumtukana Mungu kimoyomoyo, mpaka weupe wa dawa ukaisha wote.

Kilibaki kidonda nyuma ya sikio la kushoto, kikubwa kama kiganja cha mtoto. Kilipopona, nywele hazikurudi hapo.

Siku hiyo Daktari aliapa hatamwekea tena dawa. Alimkata Nyoya nywele zote za dawa, akamsuka mabutu, na asubuhi zikarudi kuwa vita. Kisha Nyoya akafika kidato cha kwanza, akaanza tena kuomba, safari hii kwa akili za mtu mzima: mama, ni ajali, haijirudii, mama, wenzangu wote, mama, si wewe ndiye Daktari? Daktari alikataa muhula mmoja. Muhula wa pili akasalimu amri.

Lakini hapo ndipo alipozitunza kweli. Hakuna kichwa alichokitunza kama kile. Kila Jumapili saluni ikiwa imefungwa walibaki wao wawili. Alimwosha taratibu kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Akampaka dawa ya kulainisha toka katikati mpaka kwenye ncha, akamtia kichwa kwenye stimu ya mvuke, akampunguza ncha zilizochoka, akakausha kwa rola bila moto mkali, mwishowe akazizungusha nywele kichwani na kuzifunga kitambaa cha satini. Kile kipande kilichokuwa wazi nyuma ya sikio alikifunika kwa jinsi alivyozilaza, na hakuna mtu aliyejua. Nywele zikashuka mabegani, zikapita mabega. Wateja walinyooshea kidole kichwa cha Nyoya wakasema, "Nataka hivyo." Kumbe kwa Daktari nywele zilikuwa kisingizio. Binti wa umri ule hamwambii mama yake kitu akimtazama usoni. Lakini ukiwa nyuma yake, mikono ikiwa kichwani, anasema. Kila kitu alichojua kuhusu mwanawe, yule mvulana wa hesabu, yule rafiki aliyemgeuka, woga wa mitihani, alikijulia kwenye kisogo.

Nyoya akafaulu, akaenda chuo katika mji mwingine. Likizo ya kwanza alirudi na nywele zimekauka, mama akaziuguza. Likizo ya pili alirudi zimekatika mbele, mama akaziuguza huku ananuna. Likizo ya tatu alishuka kwenye basi amenyoa upara.

Mama yake alimwona kutoka mbali asimtambue. Alipomtambua, kitu cha kwanza kilichomtoka kilikuwa, "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Nimeamua kuanza upya."

"Umezinyolea wapi?"

"Kwa kinyozi, karibu na chuo."

"Mwanamume?"

"Mama, ni kinyozi tu."

Daktari alimpokea begi, wakatembea. Hakuchukizwa na upara. Upara ulimpendeza, kichwa kilikuwa kizuri, yeye ndiye aliyekizaa. Kilichomchoma ni kwamba mtu asiyemjua alizikata nywele zile akazifagia pamoja na ndevu za wateja wake. "Ungeniita," alisema mwishoni. "Hata kama ni kuzikata. Ningezikata mimi."

"Ungekataa," Nyoya alijibu, na hilo pia lilikuwa kweli.

Jumapili ile Daktari hakujua afanye nini na mikono yake. Alifua mapazia.

Miaka miwili ikapita. Nyoya akamaliza chuo, akabaki huko huko, akawa anajirekodi kwa simu na kujiweka mtandaoni akifundisha watu kutunza nywele za asili. Daktari alisikia kwa mbali, akafurahi kwa namna yake. Aliona kwamba damu ya kazi imemfuata. Nywele ni nywele, alijisemea. Mimi za dawa, yeye za asili, sote tuko kichwani.

Mpaka Jumamosi moja. Alikuwa amemweka mteja dawa, macho yake yakiwa kwenye saa. Mwalimu mstaafu alikuwa chini ya draya kama kawaida yake, na Dada Kucha alikuwa hana mteja, anachezea simu. Dada Kucha akacheka, "He, Nyoya huyu! Ana watazamaji kama waziri!" Akaongeza sauti ili wote wasikie. Kisha akaacha kucheka, akatafuta kitufe cha kuzima, na kwa haraka yake akaongeza sauti zaidi.

"...nilikuwa na miaka minane," sauti ya Nyoya ilikuwa ikisema, tulivu, nzuri, kama ya msomaji wa habari. "Mama yangu ni msusi. Mtaani wanamwita Daktari. Alinipaka dawa, akaniacha, akaenda kummalizia mteja. Nililia, akaniambia nitulie. Mpaka leo nasikia ile harufu, harufu kama ya mpira, ya kichwa changu kikiungua. Tazameni hapa." Akageuza kichwa, akaonyesha nyuma ya sikio. "Mama zetu walitupenda sisi. Nywele zetu walizichukia."

Draya iliendelea kunguruma. Mteja aliyekuwa na dawa kichwani akapeleka mkono kwenye kisogo chake bila kujijua. Daktari aliuona mkono ule kwenye kioo.

"Njoo tukuoshe, mama," alimwambia. "Muda wako umefika." Akamwosha mpaka mwisho, akamkausha, akamfunga, akamshukuru. Alipotoka, Mwalimu alijitoa chini ya kofia ya draya.

"Yule mteja anayesemwa ni mimi?" aliuliza.

"Ni wewe."

"Lakini mimi nilikuwa chini ya draya! Nilikuona unatoka mbio, nikadhani pana moto."

"Najua, Mwalimu."

"Basi mwambie!"

Jioni alimpigia. Nyoya alipokea haraka, kama mtu aliyekuwa akiisubiri simu hiyo.

"Mama, umeiona."

"Nimesikilizishwa mbele ya wateja."

"Sikutaja jina lako."

"Umesema Daktari. Tupo wangapi?"

"Sikusema wewe ni mtu mbaya, mama. Nilisema yaliyonipata mimi."

"Sikukuacha nikaenda kwa mteja. Maji yalikatika. Nilikubeba nikavuka barabara."

"Mimi sikumbuki hivyo," Nyoya alisema kwa upole, na upole ule ndio uliouma. Angefoka wangegombana yakaisha.

Maneno hayana miguu lakini mtaani yalitembea. Mziba pancha, ambaye sasa alikuwa mzee wa mgongo uliopinda, alivuka barabara akiwa na spana mkononi. "Huyo mtoto nimemwosha mimi kwa maji yangu ya kunywa! Nilishinda na kiu siku ile! Mpigie, nipe simu!" Daktari alimtuliza, akampa kiti, akamwambia mambo ya mama na mwana hayaendi polisi. Wateja wengine waliacha kuja bila kusema. Wengine walikuja wakauliza kwa kuzunguka: "Eti Daktari, hii dawa siku hizi si wameibadilisha?" Mama mmoja kijana, aliyekuwa akimleta binti yake kusukwa, alikaa mlangoni muda wote akimlinda mtoto kwa macho, na Daktari alisuka mabutu yale akiyafumua na kuyarudia, yeye ambaye hakuwahi kurudia.

Kisha Nyoya akaja. Hakutoa taarifa. Alishuka kwenye gari akiwa na kijana mmoja mwenye kamera na taa za kusimamishwa, na nywele zake zilikuwa zimeota duara zuri jeusi kuzunguka kichwa. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu. Alileta kitenge, akaleta dawa ya magoti, akaleta katoni ya chupa za mafuta ya nywele zenye picha yake mwenyewe. Kampuni fulani ya mafuta ilikuwa imempa kazi, alieleza. Walitaka kipindi kimoja tu, mama na binti, wakae pamoja wazungumze.

"Tuzungumze nini?"

"Yaliyopita, mama. Watu wengi wana vidonda kama vyangu. Wakikuona wewe umekaa na mimi, umesema pole, watapona na wao."

"Niseme pole."

"Neno moja tu."

Daktari aliketi kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo hakuwa akiketi. Kijana wa kamera alikuwa akihangaika na nyaya zake pembeni, akisema wasimjali. Dada Kucha alijibana kwenye kona yake.

"Nyoya," mama alisema, "pole nilikupa siku ile ile. Nilikupa mwaka mzima, kila nikikupaka mafuta kwenye kile kidonda. Lakini pole ya kukuacha nikaenda kwa mteja siwezi kuitoa, kwa sababu sina. Unasema uliisikia harufu ya mpira."

"Ndiyo. Mpaka leo. Nikipita gereji kichwa kinaniwasha."

"Nywele zikiungua zinanuka mpira?"

Nyoya aligusa nyuma ya sikio lake.

"Wewe ndiye mwalimu wa nywele siku hizi. Zinanuka mpira?"

"Hapana."

"Ule ulikuwa mpira wa tairi. Ni maji ya mziba pancha. Nilikuzamisha kwenye karai lake kwa sababu bomba langu lilikuwa kavu. Yupo pale ng'ambo, kamuulize."

Nyoya aligeuka akatazama kupitia mlango wa kioo. Mzee alikuwa amechuchumaa juu ya karai, anazungusha tairi majini, anatafuta mapovu. Binti alimtazama kwa muda mrefu. Uso wake ulifanya kama unataka kulia, kama ule wa zamani, wa katikati ya magoti. Daktari aliuona, akanyanyua mkono kumshika. Ndipo Nyoya aliposema, kwa sauti ndogo, "Lakini mama, dawa si uliweka wewe?"

Mkono ulirudi.

"Dawa niliweka mimi," Daktari alisema. "Nani mwingine? Uliomba ukalia mwaka mzima, na shangazi yako akanicheka, nami nikaiweka. Niliweka mimi."

"Nilikuwa mtoto. Mtoto akiomba kisu anapewa?"

Mama aliangalia lile sinki, na hakutaka kutunga jibu.

"Hii ni safi sana," kijana wa kamera alisema kutoka nyuma ya taa. "Tuirudie kidogo, mama asogee kwenye mwanga."

Daktari alisimama. Akakunja taulo lililokuwa begani mwake, akafungua mlango wa kioo, akaushikilia ukiwa wazi mpaka wote wawili wakatoka na nyaya zao. Nyoya alisimama kizingitini, kisha akashuka ngazi. Hakuvuka barabara kwenda kwa mziba pancha. Gari liliondoka.

Kumbe kamera ilikuwa imewashwa muda wote. Kipindi kilipotoka kilikuwa kifupi, kina muziki wa kinanda. Palikuwa na Nyoya akisimulia, palikuwa na mikono ya Daktari, palikuwa na uso wake ukisema, "Dawa niliweka mimi. Nani mwingine? Niliweka mimi." Basi. Maji hayakuwepo, mziba pancha hakuwepo, mwaka wa kuomba haukuwepo, wala shangazi. Chini yake watu kwa maelfu walimsifu. Mama shujaa. Mama wa mfano. Laiti mama yangu angekuwa na moyo huu.

Na hilo ndilo lililomshinda Daktari kulibeba. Alipotukanwa alijua pa kuweka hasira yake. Sasa wanawake asiowajua walimsimamisha sokoni, wakamshika mikono yote miwili kwa machozi: "Hongera kwa kukubali kosa, mama." Angesema nini? Angeanzia wapi, katikati ya soko, na kapu mkononi? Alisema asante. Kila aliposema asante alijiona ametia sahihi kitu asichokisoma.

Wateja, ajabu, waliongezeka kwa muda. Walikuja kumtazama. Walitaka nywele za dawa zikatwe zote, waanze upya mikononi mwa mama yake Nyoya, huku wakijipiga picha. Daktari aliwakata vizuri, maana kazi ni kazi, na hakuonekana kwenye picha hata moja bila kuangalia pembeni. Walipochoka na upya wao hawakurudi. Wale wa vilemba, wale waliohitaji kuuguzwa, walikuwa wamekwisha kuhamia kwingine, kwa watu ambao hawana masharti.

Mwishoni mwa mwaka kampuni ile ya mafuta ilifanya sherehe, Nyoya akapewa tuzo, na mama akaalikwa akae meza ya mbele. Hakwenda. Alimtuma Dada Kucha ampelekee mwanawe salamu na kitambaa cha satini alichokishona kwa mkono. Dada Kucha alirudi baada ya siku tatu kuchukua chupa zake za rangi. Nyoya alikuwa amempa kazi, kupanga miadi na kujibu watazamaji. Aliaga kwa adabu, akainama kidogo, macho hayakutulia.

"Nenda, mama," Daktari alimwambia. "Kwake kuna maisha. Alikipenda kile kitambaa?"

"Alikipenda. Alikionyesha jukwaani."

"Jukwaani?"

"Mbele ya kila mtu. Alilia."

Daktari aliitikia kwa kichwa. Akamsaidia kubeba meza ya kucha mpaka kwenye kituo.

Nyoya bado humpigia simu. Huuliza habari za magoti, za kodi ya chumba, za jirani. Si mtoto mbaya. Hutuma msaada bila kuombwa. Siku moja aliuliza waziwazi, "Mama, bado umenikasirikia?"

"Sijakasirika."

"Sasa ni nini?"

"Nimechoka kusemewa."

"Basi sema mwenyewe, mama. Nitakuletea kamera tena, useme yote, nisikate hata neno."

Daktari alifikiri. Aliyaona maneno yake yakiwa na kinanda chini. "Ukija," alisema, "njoo mikono mitupu." Nyoya akasema atakuja. Hakusema lini, na mama hakumuuliza.

Jumatatu saluni hufunguliwa saa mbili. Mwalimu mstaafu, aliyekuwepo siku ile maji yalipokatika, huja siku hizo, nywele zake zimebaki chache na nyeupe, haweki tena dawa. Huja kuoshwa na kukaa. Daktari humwosha kwa ncha za vidole, humkausha taratibu, na wakimaliza hukaa wote wawili wakisoma gazeti moja, kila mtu upande wake.